Ushauri: akina mama wa klabu yetu ya joging mkojo unawatoka wakiruka, nianzeje kulizungumza?

MamaMbio_Mbagala:
Habari zenu wapendwa. Naongoza akina mama kwenye klabu ya joging huku Mbagala. Jumapili tukishakimbia tunaingia mazoezi ya viungo: kamba, kichurachura. Hapo wenzangu waliozaa wanajitoa pembeni, kanga kiunoni, eti wamechoka. Kumbe wakiruka mkojo unawatoka. Kuna walioacha kuja kabisa, na mmoja hanywi maji tangu usiku asije akaaibika. Inaniuma, hawa ndio walioianzisha klabu. Ila tuko na wanaume, na kocha ni kijana mdogo. Nianzie wapi?

Fizio_Dar:
Dada, hongera kwa kuliona. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mimba na kuzaa hulegeza misuli ya chini ya nyonga inayoshikilia kibofu na kizazi. Ukiruka, tumbo linaikandamiza, ikishindwa kubana mkojo unatoka. Inafanyishwa mazoezi kama msuli wa paja: bana kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu hadi tano, achia kabisa. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usizuie pumzi, usibane makalio, wala usifanye ukiwa unakojoa. Mjipe miezi 3. Na huyo dada anywe maji, mkojo mzito unakiudhi kibofu zaidi.

BiMkubwa:
Mambo ya ndani yasemwe ndani, mwanangu. Uwanjani ni kudhalilishana.

KochaNetiboli_Moro:
Bi Mkubwa, shikamoo. Huko ndani hayasemwi, ndiyo maana watu wanaacha mazoezi. Sisi baada ya mazoezi wanawake tunabaki peke yetu, tunamwalika nesi, na hakuna anayeulizwa yake. Mabinti wasiozaa nao wakae, wanaoruka sana yanawapata pia. Kocha aambiwe tu asimlazimishe mtu kuruka.

BiMkubwa:
Marahaba. Kama wanaume hawapo, sina neno.

Fizio_Dar:
Nisisitize: mama ambaye mkojo unamtoka mfululizo, usiku na mchana, tangu alipopata uchungu wa kuzaa wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haiponi kwa mazoezi. Hospitali ya CCBRT hapa Dar imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi, mpelekeni. Anayehisi kinyama kinashuka ukeni naye aende hospitali.

MamaMbio_Mbagala:
Asanteni sana. Kocha naongea naye leo, na wale walioacha nitawafuata mwenyewe majumbani. Fizio, nimekuja PM tupange Jumapili.