Nyakato, Mwanza: banda la gemu linamtoza mtoto jero (shilingi mia tano) kila "anapokufa", kwenye gemu ambayo LAZIMA ufe kila dakika. Huu ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, na leo nazimwaga hapa hapa.

Kuna banda la gemu huku Nyakato, jina naliacha, limemkamua mdogo wangu wa kidato cha pili hela yote aliyokuwa nayo, mpaka nauli. Karudi Igoma kwa mguu, kandokando ya barabara ya Musoma, giza limeshaingia, mama roho juu.

Bei ya pale ni moja tu: jero kwa mechi. Kwenye gemu za mpira sina ugomvi nayo. Filimbi ya mwisho ikilia, aliyefungwa anaachia pedi, wa foleni anakaa. Wote tumekulia kwenye utaratibu huo.

Dogo lakini si mtu wa mpira. Kwenye PS4 ya pale kuna gemu inaitwa Minit, ya mwaka 2018, kazi ya watu wachache kina Jan Willem Nijman na Kitty Calis. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tupu, za mtindo wa gemu za kale, na utani wake wote ni wa kifo. Unaokota upanga, kumbe una laana: kuanzia hapo kila baada ya sekunde 60 unakufa. Hujakosea kitu, hujapigwa na mtu, muda umeisha tu. Unaamkia nyumbani, vitu ulivyopata bado unavyo, unaendelea kutafuta kiwanda kinachotengeneza hizo panga ili laana ikutoke. Kufa ndiyo mwendo wa gemu yenyewe. Kuna hadi kitufe cha kujiua mapema ukiona umepotea njia!

Sasa kijana wa pale kaamua kwamba kila kifo ni "mechi imeisha". Anakaa nyuma ya dogo na kipande cha boksi na kalamu, skrini ikizima anachora mstari. Mstari mmoja, jero. Dogo akimwambia "braza, bado naendelea," anajibiwa "umekufa, lipa."

Kilichoniuma zaidi ni pale kwenye mnara wa taa, humo ndani ya gemu. Kuna mzee anasimama hapo anakupa habari muhimu, ila anaongea taratibu mno, maneno yanadondoka moja moja. Waliotengeneza walikusudia hivyo: umsikilize huku roho inakutoka, ndiyo kichekesho chenyewe. Mdogo wangu ana adabu, katulia anamsikiliza mzee wa watu mpaka mwisho. Kafa. Mstari ukachorwa. Mtoto katozwa hela kwa kumsikiliza mzee!

Nilimfuata mwenye banda kwa heshima zote. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii gemu haina mechi, toza kwa saa." Nikamwonyesha kwenye skrini: kahawa ambayo dogo alishaipata, ile inayokupa nguvu ya kusukuma maboksi, bado anayo baada ya kufa. Sasa kama gemu imeanza upya, kahawa imetoka wapi? Akasema kwake kufa ni kufa, asiyetaka aende kwingine. Jamani, hata ukivuka ziwa kwenda Kamanga unalipa nauli mara moja, hulipi upya kila wimbi likipiga kivuko.

Na kuna jambo wengi hawalioni. Watoto wanaopenda gemu za hadithi, za kutafuta njia na kutumia akili, wako wengi hapa Mwanza. Bei ya mechi inawafukuza. Wanarudi kwenye mpira kwa sababu ndio pekee ambao jero yake inaeleweka. Hiyo Minit yenyewe ukiimaliza, mzunguko wa pili unapewa sekunde 40 tu badala ya 60. Kwa hesabu ya yule kijana na boksi lake, mtoto atalipa jero kila sekunde 40. Nani ana hela hiyo? Mimi mwenyewe na mshahara wangu sina.

Mwenye banda, najua humu unapita. Nataka hela ya mtoto irudi, nauli ikiwemo. Lile boksi lenye mistari ninalo, nililichukua.

Na wadau wa Igoma, Mabatini, Buhongwa, hata Kirumba: mnaojua banda linalotoza kwa saa bila kujali umekufa mara ngapi, wekeni hapa. Jumamosi nampeleka mwenyewe.