Naomba ushauri: kanda za VHS za ESPN ya zamani

Wakuu, niko Connecticut, namhudumia mzee mwenye sanduku la kanda za video alizorekodi kutoka ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, kilipokuwa bado kichanga. Kituo kilianza Septemba 7, 1979, hapahapa Bristol. Ligi kubwa hawakuwa nazo, basi wakajaza saa kwa softiboli na hata futiboli ya Australia! Mzee akisimulia anacheka mpaka anakohoa. Anayo pia mashindano ya mashua ya America's Cup ya 1987, kutoka Fremantle, Australia, aliyoyakeshea.

Sasa anataka wajukuu waone. Kanda kadhaa zina ukungu mweupe, naogopa kuziingiza kwenye deki. Ukungu husafishwaje bila kukata mkanda? Nitafute fundi, au ninunue kifaa cha kuhamishia kwenye kompyuta?