Kulala kwa wenyeji: mtandao upi unamfaa msafiri wa bajeti ndogo?

Kibegi_Mgongoni:
Wakuu, naomba tulinganishe mitandao ya kulala kwa wenyeji. Safari ni ya wiki 6: 2 za mwanzo mijini, 4 zilizobaki kwa baiskeli na mashambani. Nataka kupunguza gharama za malazi bila kuwa mzigo kwa watu. Upi unafaa wapi, na wageni hukwama wapi?

NjiaPanda:
Mkuu, kwanza tenganisha ukarimu na kubadilishana. Kwenye ukarimu unalala siku chache, hulipi wala hufanyi kazi. Kwenye kubadilishana unatoa saa zako, au nyumba yako. Ukivichanganya utamwomba mtu kitu asichokitoa.

Kwa mijini, Couchsurfing ndiyo yenye jina kubwa. Ila tangu iweke ada ya uanachama mwaka 2020 wengi wameacha kuingia, kwa hiyo orodha ndefu ya wenyeji isikudanganye. Angalia mwenyeji aliingia lini mara ya mwisho na kama huwa anajibu maombi. Aliyetoweka miezi 3, mruke.

BeWelcome ilianza 2007, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na ni bure. Trustroots ya 2014 nayo ni bure, na ilianza kwa ajili ya waomba lifti. Zote mbili zina wenyeji wachache kuliko Couchsurfing, na miji mingine utakuta mapengo.

Fungua akaunti leo, usingoje wiki ya safari. Akaunti isiyo na maoni hata moja hukataliwa haraka. Hudhuria mikutano ya wanachama ulipo, au mpokee mgeni mmoja. Maoni 2 au 3 kutoka kwa watu waliokuona ana kwa ana yana uzito kuliko picha nzuri.

Spoku36:
Kwa hizo wiki za baiskeli, jibu ni Warmshowers. Ni ya waendesha baiskeli wa safari ndefu tu. Ukurasa wa mwenyeji unaeleza anachotoa: kitanda, sakafu, uwanja wa kupiga hema, bafu, kufua nguo, vifaa vya ufundi. Unaeleza pia anataka aarifiwe siku ngapi kabla. Hiyo isome kwanza.

Kosa la kawaida ni kuahidi tarehe moja wiki 2 mbele. Upepo wa mbele na spoku kukatika havijui ahadi yako. Tuma ombi siku 5 kabla ukitaja siku 2 zinazofuatana, thibitisha jioni ya kuamkia siku ya kufika, kisha tuma ujumbe ukibakiza kilomita 20. Ukiona giza litakukuta njiani, sema mchana, usingoje saa 2 usiku wakati mtu ameshakungoja mezani. Na beba mfuko wa kulalia hata ukiambiwa kitanda kipo.

Bi_Ratiba:
Msiisahau Servas, jamani. Ilianza 1949 kama harakati ya amani baada ya vita, na hadi leo inachuja watu kuliko mingine yote. Unajaza fomu, unafanyiwa mahojiano na mwanachama, kisha unapewa barua ya utambulisho. Kawaida ni kulala siku 2, na zaidi ya hapo ni mpaka mwenyeji akuombe ubaki. Hatua hizo huchukua muda, kwa hiyo anza miezi 2 kabla. Anayetaka kuacha begi na kurudi usiku wa manane asiende huko. Wenyeji wa Servas wanataka mazungumzo.

Kama unaongea Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, kuna Pasporta Servo, ambayo orodha yake ya kwanza ya wenyeji ilitoka 1974. Hapo lugha ndiyo tiketi yako.

JembeNaKitabu:
Mashambani ndiko kwenye kubadilishana kazi na malazi. Kuna WWOOF, iliyoanzia Uingereza mwaka 1971, ya mashamba ya kilimo hai. Uanachama kwa kawaida ni wa nchi moja moja, hivyo kuvuka mipaka mitatu kunaweza kumaanisha ada tatu. Workaway ni pana zaidi: shamba, hosteli, kulea watoto, ujenzi. Kipimo chake ni kama saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, nawe unapata malazi na mara nyingi chakula. Hizo ni saa 25, msiziite bure.

Kwa anayepita njia haifai. Wenyeji wengi wanataka angalau wiki 2, kwa kuwa siku za mwanzo wanakufundisha. Kabla ya kwenda, pateni jibu kwa maandishi: kazi gani hasa, saa ngapi, siku zipi za mapumziko, unalala peke yako au na wengine, milo mingapi, nani analipa nauli. Ugomvi mwingi huzaliwa na neno "kusaidia kidogo" ambalo halikupimwa.

Halafu uhamiaji. Nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, zinaweza kuhesabu kazi ya kubadilishana na malazi kuwa ajira, na viza ya utalii hairuhusu. Kuiita "kujitolea" hakukuokoi mpakani.

Taa_ya_Kichwa:
Kuhusu usalama: soma maoni mabaya kwanza, kisha yale ya katikati. Watu huogopa kuandika ubaya, hivyo "alikuwa mkarimu ila tulikuwa na mitazamo tofauti" ina maana nzito. Mwenyeji mwanamume ambaye wageni wake wote ni wasichana wanaosafiri peke yao, mwache. Angalia pia kama ni chumba chako, sebule, au kitanda cha pamoja. Fika mchana, mpe ndugu yako anwani, na bakiza fedha za usiku mmoja hosteli, zisizoguswa kwa jambo jingine.

Ombi lenyewe liwe na sentensi 6 hadi 8, na moja iguse kitu alichoandika yeye. Ujumbe ulionakiliwa hutambulika mara moja.

Kibegi_Mgongoni:
Asanteni sana. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, wanataka uthibitisho wa malazi. Mwenyeji wa mtandaoni anatosha?

Mhuri:
Ujumbe wa mtandaoni peke yake hautoshi. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji binafsi huenda manispaa kuomba hati rasmi ya kukupokea, na anaahidi kubeba gharama zako ukikwama. Kumwomba hivyo mtu usiyemjua ni kuomba kingi mno. Lipia malazi ya safari hiyo, na mitandao hii itumie pale usipohitaji viza.

Hata ukishaingia, uliza sheria ya kuandikisha wageni. Italia mwenyeji anayempokea raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48. China anayelala nje ya hoteli anaandikishwa polisi ndani ya saa 24. Liulize kwenye ombi la kwanza, maana mwenyeji asiyetaka kwenda polisi atakukatalia mapema, nawe utakuwa na muda wa kutafuta mwingine.