Ushauri jamani: mwenye nyumba anataka kodi maradufu. Nihamie Kasungami au nijenge?

Chaki Nyeupe
Jambo kwenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, Kongo, nafundisha hesabu sekondari, shule ya mtu binafsi. Mwezi ukienda vizuri nalipwa dola 280. Wazazi wasipolipa tunapewa nusu na maneno matamu. Mke wangu ana kabini ya kutuma pesa na kuuza yuniti pembeni ya soko, anaingiza kama 150. Watoto wawili, wa tatu yuko njiani.

Tunakaa Bel-Air, vyumba vitatu na sebule, bomba ndani ya ua. Tunalipa 120. Wiki iliyopita mwenye nyumba ametuarifu kwamba kuanzia Septemba ni 240, na tuweke garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita kama wapangaji wengine, la sivyo tumpishe.

Usiku sijalala. 430 toa 240 inabaki 190. Hapo hujagusa unga, makala ya kupikia (mkaa), minervale (ada ya shule) ya mkubwa, na mama anakaribia kujifungua. Akiba sina. Swali langu ni moja tu: nikapange vyumba viwili Kasungami, pembezoni mwa mji, au nichukue kiwanja hukohuko nisimamishe kuta, niingie hata bila dari?

Mama Vitumbua
Pole mwalimu. Mwalimu wa hesabu, mshahara wa nusu, mtoto wa tatu. Hesabu hiyo uliifanyia wapi? Haya, nakutania, Mungu amsaidie mama ajifungue salama. Mimi nilipanga miaka 11 na nyumba zote nimetoka kwa ugomvi wa maji. Usiende mahali pasipo na maji. Basi.

Maître Bila Joho
Ndugu, garanti ya miezi sita ni kinyume cha sheria. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kuishi garanti isizidi miezi mitatu. Mwenye nyumba wako hana haki. Je, una mkataba wa maandishi? Andika barua, weka nakala, mpelekee mbele ya shahidi. Watu wa mji huu tunanyanyasika kwa sababu tunaogopa karatasi.

Chaki Nyeupe
Asante Maître. Mkataba wa maandishi hatuna. Na huyo siwezi kumwandikia barua. Ni mtu mzima wa heshima.

Maître Bila Joho
Heshima haifuti sheria.

Chaki Nyeupe
Najua. Lakini siwezi. Tuseme hapo tumepita, nisaidieni kati ya Kasungami na kujenga.

Mzigo wa Oakland
Mimi nilitoka Lubumbashi nikaja California, na watu wa nyumbani wanafikiri nalalia dola. Sikilizeni. Mwaka 2018 serikali ya hapa ilitangaza kwamba familia ya watu wanne San Francisco ikipata dola 117,400 kwa mwaka inahesabiwa ya kipato cha chini. Laki moja na kumi na saba elfu! Nilimtumia yaya wangu, ndugu yangu mkubwa wa Katuba, habari hiyo, akanijibu, "Basi nitumie huo umaskini."

Hapa wana kipimo chao: nyumba ikila zaidi ya asilimia 30 ya mapato, umeelemewa. Ikipita 50, umeelemewa vibaya. Nilipofika tulikuwa wanaume wanne kwenye vyumba viwili. Mmoja alifanya kazi usiku, kwa hiyo kitanda chake hakikupoa: yeye akitoka, mimi naingia. Nilikuwa nalipa godoro, sikuwa nalipa chumba. Sasa mwalimu, 120 kwenye 430 unayo nyumba nzima na bomba. Usiiache.

Chaki Nyeupe
Nimefanya hesabu kwa kipimo chako, mkubwa. 120 ni asilimia 28. 240 ni karibu 56. Kwa hiyo hata Marekani mimi ni wa kuonewa huruma.

Kijana wa Tandale
Kaka, huku Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, halafu anakuambia usipike samaki. Shukuru. Ila jenga. Mtu mzima ni kwako.

Fundi wa Tanuru
Usipangie Kasungami, jenga. Mimi nachoma matofali tangu nina miaka 16. Wengi wanaharibu pesa kwa kukimbilia bloku za simenti. Ukiwa na udongo mzuri unafyatua, unakausha kwenye kivuli cha majani, siyo jua kali maana linapasua, unapanga tanuru, unaacha vijia vya kuni chini, unafunika kwa udongo. Moto wa siku mbili tatu. Ukigonga tofali likilia kama kengele, limeiva. Likilia kama mkate, rudisha. Lakini iwe kabla ya mvua za Novemba. Tanuru ikinyeshewa katikati umepoteza kuni na matofali. Kiwanja chako kiko upande gani? Udongo wake mwekundu au mweusi?

Komisionere Mzee
Mimi siko na mambo mingi. Kazi yangu ni kutafutia watu nyumba mu Lubumbashi hii, na kila nyumba nakula kodi ya mwezi moja, siwafiche. Bel-Air vyumba vitatu, sebule, bomba mu ua, dola 120? Iko wapi hiyo, Bel-Air ya mbinguni? Kwa 120 nakupa chumba na kibaraza, na choo munashirikiana na watu saba. Huyu anatutungia. Mwaka jana kulikuwa uzi kama huu, mwalimu vilevile, mtoto wa tatu vilevile. Mwisho aliomba watu wamuchangie kwa simu.

Kijana wa Tandale
Kumbe! Nilisema mbona hii chai ina tangawizi. "Mtu mzima wa heshima", "siwezi kumwandikia barua". Mwenye nyumba ni mzimu?

Mama Vitumbua
Hata mimi kuna kitu kilinikera. Huna akiba, lakini kiwanja utachukua. Kwa majani ya mwembe?

Mzigo wa Oakland
Jamani, nimeandika habari ya godoro langu kwa roho safi, kumbe tunasoma hadithi.

Chaki Nyeupe
Sijaomba hata franga moja kwa mtu, na sitaomba. Komisionere ana haki kuhusu bei. Ni 120 kwa sababu mwenye nyumba ni mama mkwe wangu.

Marehemu mzee, baba wa mke wangu, alitoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 kwenye ile departi volontere, kuacha kazi kwa hiari na kulipwa. Pesa aliyopewa wengine waliinywa, yeye alinunua nyumba hii. Alipofariki, mama akahamia chumba cha nyuma, sisi tukaingia mbele mwaka 2021. Kodi hiyo ndiyo inayomlisha. Mimi na yeye hatuzungumzi uso kwa uso, mnajua desturi, mambo yote yanapita kwa mke wangu.

Safari hii hakumtuma mke wangu. Alimpa mwanangu wa miaka saba daftari lililofungwa kwenye kipande cha kitenge. Daftari lenyewe nilimpa mimi, la shule, mraba mdogo. Ukurasa wa kushoto ameandika KODI, wa kulia MAHARI. Kushoto kila mwezi 120, na pembeni yake kwa kalamu nyekundu 120 nyingine, ile ambayo hajanidai. Kulia mstari mmoja tu: 2019, 700. Chini yake: bado 800. Mtoto ndiyo kwanza amejua kusoma tarakimu, alisimama katikati ya sebule akasoma kwa sauti, "Bado mia nane, papa." Tulikuwa na mgeni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilikaa na daftari lile nikitafuta kosa. Hakuna.

Komisionere Mzee
Aaa. Sasa naamini. Mwenye kutunga hawezi kuweka mgeni pale.

Mama Vitumbua
Kwa hiyo huyo "mwenye nyumba anayetaka kodi maradufu" ni mjane aliyekubeba miaka yote hii kwa nusu bei, na mahari ya binti yake hujamaliza. Mwalimu! Kichwa cha uzi kilipaswa kuwa, "Nina deni, nifanyeje nilikimbie?"

Maître Bila Joho
Hapa nirekebishe kidogo. Sheria ya familia inaruhusu mahari kulipwa kwa awamu, mradi sehemu iwe imetolewa kabla ya ndoa. Kwa hiyo ndoa yake ni halali kama imefungwa. Lakini mama naye hajakosea kutaka kodi kamili ya nyumba yake. Nafuta neno "nyanyasika", garanti ya miezi sita tu ndiyo bado naikataa.

Chaki Nyeupe
Sijakataa kumaliza mahari. Kaka zangu walichanga mwezi wa tano, nikapata 500. Tulipanga twende mwezi wa nane na mbuzi.

Mama Vitumbua
Na hiyo 500 iko wapi leo?

Mama Vitumbua
Mwalimu, nakuona upo.

Chaki Nyeupe
450 nimetoa akonti, malipo ya kwanza, ya kiwanja Kasungami. Mita 15 kwa 20, bei 2,000, nimalizie kwa miezi kumi. Mke wangu hajui bado, nataka iwe zawadi. Kabla hamjanirushia mawe, nisikilizeni. Nikimpa mama 500, mwezi unaofuata nitabaki mpangaji vilevile, na kodi inapanda. Nikiwa na kiwanja, natoka kwenye nyumba yake kwa heshima, naacha aipangishe 240 kwa mtu mwingine, yeye anapata zaidi, mimi namalizia mahari polepole nikiwa kwangu. Kila mtu anafaidika. Hiyo ni hesabu, siyo ujanja.

Mzigo wa Oakland
Hesabu nzuri. Ila kaka zako walichangia mbuzi, siyo kiwanja. Mimi mwaka fulani nilituma pesa ya jeneza la mjomba, ikanunua pikipiki. Pikipiki ilifanya kazi kweli, manseba, yaani teksi ya pikipiki, wa kwanza wa mtaa wetu. Mpaka leo mwenye pikipiki nikipiga simu hapokei.

Maître Bila Joho
Akonti umepewa karatasi gani?

Chaki Nyeupe
Ya mkono, imesainiwa na muuzaji na mashahidi wawili, na muhuri wa chifu wa eneo.

Maître Bila Joho
Ndugu yangu, kaa chini. Tangu sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi ya nchi hii ni ya Dola, yaani serikali. Kinachothibitisha haki yako ni sartifika ya usajili inayotolewa na msajili wa hati za ardhi. Karatasi ya mkono inasema tu kwamba ulimpa mtu pesa. Je, muuzaji ana sartifika? Umekwenda kuulizia kiwanja hicho kwenye ofisi ya ardhi? Kimepimwa? Kina bone, mawe ya mpaka, kwenye pembe?

Chaki Nyeupe
Pembe tatu zina vijiti vya mwembe vilivyofungwa kamba ya bluu. Ya nne ni kichuguu. Muuzaji anasema sartifika iko kwa kaka yake Likasi.

Komisionere Mzee
Likasi! Sartifika za mji huu zote ziko Likasi kwa kaka. Mimi nimeona kiwanja kimoja na wenyewe watatu. Walikutana siku ya kuchimba musingi, kila moja na fundi wake. Wa kwanza alikuwa na chifu, wa pili na chifu ile ile. Enda kesho asubuhi, mwalimu. Usingoje Likasi.

Kijana wa Tandale
Huku kwetu wanaandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi". Nenda kaandike kwenye kichuguu.

Fundi wa Tanuru
Ngoja. Kichuguu? Kichuguu kikubwa au kidogo? Mnagombana juu ya karatasi na mali iko pale imesimama. Matofali mazuri ya Lubumbashi yanatoka kwenye udongo wa kichuguu. Unashika, haupasuki, hauna mchanga mwingi. Kichuguu kikubwa kinatoa nyumba nzima na choo, na unabaki na wa kuuza. Mimi nalipia watu ili wanipe cha kuvunja. Kina urefu gani?

Mama Vitumbua
Fundi, mtu anapoteza ndoa, wewe unapima udongo.

Fundi wa Tanuru
Ndoa inahitaji kuta, mama yangu.

Chaki Nyeupe
Maître, nitapita ofisi ya ardhi Jumatatu, nina saa mbili bila kipindi. Muuzaji nimempigia, simu inaita tu. Kaka yangu mkubwa nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia, ingawa najua atakavyonyamaza, na ukimya wake ni mbaya kuliko matusi. Kwa mama, sijui. Nimefikiria kumrudishia daftari ndani ya kitenge kilekile, na ile 50 iliyobaki niiweke kwenye ukurasa wa kulia, lakini naona aibu, 50 kwenye 800. Umeme umekatika, naandika nikiwa uani, na dirisha lake lina mshumaa. Hajalala naye.

Mzigo wa Oakland
Weka hiyo 50. Ataandika mstari wa pili. Tangu 2019 hajaandika.

Mama Vitumbua
Na mkeo umwambie leo. Zawadi ya kiwanja cha Likasi haifichwi.

Fundi wa Tanuru
Mwalimu, hujanijibu. Kichuguu.

Chaki Nyeupe
Kinanipita kichwa, fundi, nikinyoosha mkono nagusa juu. Kwa chini, mke wangu alikizunguka akahesabu hatua 19.

Mama Vitumbua
Mwalimu. Si umetuambia mkeo hajui kiwanja?

Mama Vitumbua
Mwalimu?

Fundi wa Tanuru
Hatua 19 za mwanamke mrefu au mfupi?