Nyungunyungu wanatoroka ndoo

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Wale nyungunyungu wa kutengeneza mbolea alionipa shangazi wametoka usiku, wengine nimewakuta wamekauka sakafuni 😭

Baba Mdogo: Njaa hiyo 😂

Mama Neema: Njaa gani? Jana nimewajazia samadi hadi juu.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Samadi ya lini?

Mama Neema: Ya jana hiyohiyo, moja kwa moja kutoka bandani.

Shangazi: Mbichi hiyo. Ingiza mkono katikati.

Mama Neema: Weee! Moto kama uji.

Shangazi: Ndiyo iliyowafukuza. Hao wekundu wanataka ubaridi, nyuzi 15 hadi 25 hivi. Ikipita 35 wanakufa. Itoe yote sasa hivi. Waliobaki walaze kwenye maboksi yaliyochanwachanwa na majani makavu ya mgomba, vyote viloweshwe kwanza. Ukikamua ngumini litoke tone moja au mawili, basi. Wanapumua kwa ngozi: pakikauka wanakufa, pakijaa maji wanakufa vilevile. Samadi iache kivulini wiki mbili tatu, uwe unaigeuza. Ikipoa uwape kidogo, tena upande mmoja tu, ili wasipoipenda wawe na pa kukimbilia.

Shemeji: Subiri kwanza. Huyo ng'ombe si alipewa dawa ya minyoo juzi?

Mama Neema: Ndiyo, shemeji.

Shemeji: Basi samadi ya siku hizi usiwape hata ikipoa. Baadhi ya dawa hizo zinatoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu, na hazijui mnyoo wa tumboni na wa kwenye ndoo. Hiyo peleka kwenye lundo la kawaida.

Shangazi: Hilo nilikuwa sijaliwaza. Asante baba.

Kaka wa Dar: Jamani, mfuko wa urea si upo dukani? Mtu unalala nyumba moja na minyoo 🤦🏾‍♂️

Shangazi: Urea inakupa nitrojeni tu. Kihamba chetu, shamba hili la migomba la nyumbani, kiangazi kinapasuka nyufa, kinataka kitu cha kushika maji. Wewe nunua yako uipande kwenye balkoni.

Baba Mdogo: 🔥🔥🔥

Bibi: Sisi tulitupa maganda na samadi chini ya migomba, nyungunyungu wakaja wenyewe. Hakuna aliyewafuga.

Shangazi: Kweli mama, ila wale wengi ni wa udongoni, wanachimba kwenda chini. Ukiwafungia kwenye ndoo hawadumu. Hawa wekundu makao yao ni juujuu, kwenye takataka zinazooza.

Mama Neema: Na maganda ya machungwa? Nina mengi.

Shangazi: Machache sana, yanaleta uchachu. Nyama, mafuta na mabaki yenye chumvi usiweke kabisa, utafuga panya. Maganda ya mayai yasage, hayo wanayataka.

Shemeji: Sisimizi je? Kwangu walimaliza kreti nzima.

Shangazi: Weka kreti juu ya meza, kila mguu kwenye kopo la maji yenye oili chafu kidogo. Meza isiguse ukuta.

Mama Neema: Nimeshawahamisha. Wameanza kujichimbia chini ya maboksi. Sasa kuku ndio wanazunguka ndoo 🙄

Shangazi: Funika na gunia, juu weka tofali. Na usiwape chakula hadi keshokutwa.

Bibi: Hao waliokaukia sakafuni wape kuku.