Homoni ya binadamu kwenye maziwa ya ng'ombe: inatokaje, na ng'ombe anabaki salama?

Mdadisi_Moro:
Wakuu, habari za saa hizi. Nimesoma kuhusu Pampa Mansa, ng'ombe wa Argentina aliyetoa homoni ya ukuaji ya binadamu kwenye maziwa. Insulini (homoni ya kushusha sukari ya damu) inayotengenezwa na bakteria naielewa. Hapa sijaelewa: homoni inajuaje itoke kwenye kiwele tu? Ng'ombe mwenyewe hadhuriki? Na mtu akinywa hayo maziwa anapata dawa?

Pipeti:
Mkuu, jeni hiyo imo kwenye kila seli ya ng'ombe, kuanzia ngozi hadi ini. Inayoamua ifanye kazi wapi ni swichi iliyounganishwa mbele yake. Swichi huchukuliwa kwenye jeni ya beta-kazeini, protini ya maziwa, kwa hiyo huwaka kwenye kiwele wakati wa kutoa maziwa. Baada ya swichi kuna kipande kifupi kinachoielekeza seli iitoe protini nje. Kikikosekana, homoni hubaki ndani ya seli na maziwa yanatoka matupu.

Kifurushi hicho (swichi, kipande na jeni) huingizwa kwenye seli za kijusi zinazokuzwa maabara, pamoja na jeni inayostahimili dawa ya G418. Ukiweka G418, seli ambazo hazikupokea kifurushi hufa. Iliyopona huwekwa ndani ya yai lililotolewa kiini, zinaunganishwa kwa mshtuko wa umeme, na baada ya siku 7 hivi kiinitete hupandikizwa kwa ng'ombe mlezi. Mimba nyingi huharibika, na baadhi ya ndama huzaliwa wakubwa kupita kiasi.

Faida yake ni wingi. Pampa Mansa alitoa gramu 5 hivi kwa lita. Mtoto wa kilo 20 mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji huhitaji takriban miligramu 0.7 kwa siku, yaani kama miligramu 255 kwa mwaka. Hata nusu ikipotea kwenye kusafisha, lita moja inatosha watoto tisa au kumi kwa mwaka mzima.

Dkt_Malisho:
Swali la pili ndilo zito, na ndilo linalozitofautisha homoni na protini nyingine. Kiwele hakijazibwa kabisa. Seli zake hubanana zikazuia maziwa yasirudi kwenye damu, lakini ng'ombe akikaribia kuzaa, akikaushwa (akiachishwa kukamuliwa), au akipata ugonjwa wa kiwele, mibano hiyo hulegea na protini huvuja. Protini ya kugandisha damu ikivuja kidogo, mnyama anaweza kuvumilia. Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Insulini ya binadamu inatofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino 3 tu, kwa hiyo ikivuja, sukari ya ng'ombe inashuka. Panya waliowekewa jeni ya homoni ya ukuaji yenye swichi ya maziwa majike yao yalikuwa tasa, kwa sababu swichi iliwaka hata nje ya kiwele.

Njia inayosaidia ni kutoa homoni ikiwa bado haijakamilika. Ng'ombe wa Brazil aliyeripotiwa 2024 aliwekewa jeni ya proinsulini, ambayo nguvu yake ni ndogo sana. Ila vimeng'enya vya maziwa vilikata sehemu yake ikawa insulini kamili, kwa hiyo kinga hiyo si ya kutegemea peke yake.

Mdadisi_Moro:
Asante sana madaktari. Na kunywa?

Pipeti:
Hapana. Homoni ya ukuaji na insulini ni protini, tumbo huzimeng'enya kama nyama. Lazima zisafishwe zidungwe. Mafuta hutolewa kwa mashine ya kuzungusha, kisha maziwa hutiwa asidi hadi pH 4.6 kazeini igande, kama mtindi unavyojitenga. Homoni hubaki kwenye maji yale ya kijani-manjano, nayo hupitishwa kwenye safu za kuchuja. Sehemu nyingine hunaswa ndani ya kazeini, ndiyo hasara kubwa ya hatua hiyo. Maziwa yapozwe hadi nyuzi 4 mara tu yakikamuliwa, la sivyo kimeng'enya cha plazmini kinaikata homoni. Na ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yamwagwe, maana plazmini yake huwa juu.

Dkt_Malisho:
Ndiyo maana dawa za maziwa zilizopata kibali, kama ATryn ya mbuzi (ya kuzuia damu kuganda; Ulaya 2006, Marekani 2009) na Ruconest ya sungura (ya uvimbe wa kurithi), si homoni.