Deikea, kadi za kliniki za watoto wetu mnakusanya ili mzifungie kabatini?

Wakuu wa Mwanza, leo nina hasira, nivumilieni.

Mwanangu ana mwaka na miezi saba. Nilimwandikisha kituo kimoja cha kulelea watoto huku Buhongwa, jina naliacha. Masharti yao ya afya utadhani anaenda jeshini: kadi ya kliniki orijino, fomu ya daktari yenye mhuri, vipimo vya choo na mkojo. Sikubisha. Huku kwetu ziwani kichocho na malaria ni majirani, na surua ikiingia chumba cha watoto ishirini haitoki na mmoja. Nikapanga foleni, nikalipa. Kwenye fomu nikaandika kwa kalamu nyekundu, ALEJI YA KARANGA, nikapigia mistari miwili.

Juzi saa tano asubuhi niko dukani Makoroboi, simu: "Mama njoo, mtoto kavimba midomo." Boda mpaka Buhongwa, roho mkononi. Kikombe chake cha bluu bado kiko mezani, uji wa lishe umebaki nusu. Nikanusa tu. Karanga! Namuuliza dada, hivi fomu hamkusoma? "Fomu anakaa nazo madam ofisini, sisi huwa hatuzioni."

Subirini, haijaisha. Zahanati nesi anauliza kadi. Kadi iko kabatini, funguo anao madam, madam kavuka Busisi kaenda msibani Sengerema (na daraja lipo siku hizi, hata kivuko hakisingiziwi), simu hapokei. Mtoto akahudumiwa hivyo hivyo, jioni uvimbe ukashuka, namshukuru Mungu. Ila kadi hiyo hiyo nimeiomba wiki tatu, maana chanjo ya pili ya surua rubela ni miezi 18 na imeshampita. "Kesho mama, kesho."

Kadi ni ya mtoto, kliniki anaenda nayo mpaka miaka mitano. Toeni kopi basi! Na majina ya wenye aleji, pumu, selimundu yabandikwe jikoni, pale uji unapokorogwa.

Leo nimerudishiwa kadi, ina doa la chai. Mtoto simpeleki tena. Ada ya mwezi wanasema hairudi.

Kuna aliyewahi kupeleka kesi kama hii Ustawi wa Jamii wilayani? Walimsikiliza, au nitapoteza nauli tu?